Aliyeko Foleni Naye Aambiwe

Mhadhara uliotolewa Tanga mjini mbele ya wakazi na watumishi wa umma

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu nyote, assalaam alaykum, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie adha anayoipata mwananchi watumishi wa umma wanapogoma. Nianze kwa kusema nimesimama upande gani, msije mkahangaika kunitafuta. Mimi ni mtoto wa kuli. Baba yangu alibeba marobota ya mkonge katika bandari hii hii yetu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anayegoma ni mvivu au mkorofi, hatutaelewana hata kidogo. Ujira wa haki umeandikwa ndani ya Katiba yetu, ibara ya 23, na mji huu ulikuwa ukiudai kabla Katiba yenyewe haijazaliwa. Agosti 1939 makuli wa Tanga waliweka mizigo chini, wenzao wa Dar es Salaam wakiwa wamegoma mwezi uliotangulia. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa, asiyefanya kazi leo hali leo. Mwaka 1958 manamba wa mkonge kule Mazinde nao waligoma.

Sasa angalieni jambo moja. Kuli akigoma, meli inakaa gatini bila kupakiwa, na kila saa inayopita ni hasara ya mwenye meli na mwenye mzigo. Uchungu unamfika yule yule anayedaiwa. Mtumishi wa umma akigoma, mwajiri wake ni Serikali, na Serikali haipangi foleni dirishani. Haina mtoto mwenye homa mgongoni. Anayeumia ni mtu wa tatu, ambaye hakuandika barua ya madai wala hakukataa kuijibu.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2012. Januari ulianza mgogoro wa madaktari pale Muhimbili, ukaenea hospitali nyingine, ukatulia, ukazuka tena Juni. Mgonjwa wa Tanga mwenye barua ya rufaa ana safari ya kilomita 350 hivi mpaka Dar es Salaam. Safari hiyo huuziwa mbuzi, huchangiwa na ukoo mzima, na huhitaji ndugu wa kumpokea kule. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akifika mlangoni kwamba leo hakuna daktari, humwambii arudi kesho. Unamwambia akatafute mbuzi mwingine.

Tarehe 30 Julai mwaka huo huo ikawa zamu ya walimu. Chama cha Walimu kilidai nyongeza ya mishahara ya asilimia 100, na Agosti Mahakama Kuu ikauzuia mgomo ule. Mimi nilikuwa na mtoto wa darasa la saba, mtihani wake Septemba. Asubuhi ile alivaa sare, akanywa chai na mhogo, akaenda. Saa nne kasorobo alikuwa barazani, mkoba mgongoni. Nikamuuliza, wamewaambia nini? Akasema hawakuambiwa kitu, walikaa tu, wakaimba, wakatoka. Siwalaumu walimu kwa madai yao, wala sitawalaumu. Nilichokitaka ni mtu wa kuniambia jana yake, nimpange yule mtoto akasome kwa shangazi yake Chumbageni, kuliko kuzurura barabarani na wenzake.

Na Aprili 2015 madereva wa mabasi walipogoma, wakipinga kurudishwa darasani kila wanapohuisha leseni na wakidai mikataba ya ajira, nilikuwa stendi. Hao si watumishi wa umma, najua, lakini usafiri ni huduma ya wote na adha yake ni ile ile. Palikuwa na mama mmoja mchuuzi wa samaki, kachukua mzigo wake alfajiri pale soko la samaki la Deep Sea, anapeleka Korogwe. Ndoo mbili, juu kafunika barafu na gunia lililoloweshwa. Kila baada ya muda ananyanyua gunia, anatia mkono, anapima barafu imebaki kiasi gani, anafunika. Maji yakawa yanachuruzika sakafuni mpaka miguuni pa watu. Kufika adhuhuri akaanza kuwauzia abiria wenziwe kwa bei ya kutupa. Mgomo wenyewe uliisha siku ile ile, Serikali ikalegeza, madereva wakashangilia. Mtaji wa yule mama haukurudi. Angepata habari usiku uliotangulia, asingenunua.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi, na ukishindikana, wanaotaka kugoma wampe mwajiri taarifa ya saa 48. Mwajiri anapewa siku mbili za kujiandaa. Mama wa ndoo, na baba wa darasa la saba, sheria haikuwakumbuka. Ninyi viongozi wa vyama mliopo hapa mnaweza kulirekebisha hili bila kungoja Bunge. Tunatangaziwa chanjo kwa spika mtaani, tunatangaziwa kukatika kwa maji, tunatangaziwa maiti msikitini na kanisani. Mgomo nao utangazwe kwa njia hizo hizo, siku mbili kabla, kwa jina la chama.

Najua mtakalonijibu. Mtasema tukitangaza tunakamatwa, maana sheria hiyo inakataza mgomo katika huduma muhimu: maji na majitaka, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaohitajika kuziendesha huduma hizo. Ni kweli. Na katazo hilo ndilo lililotuzalia mgomo baridi, ambao kwangu mimi ndio mbaya kuliko yote.

Mgomo baridi hauna tarehe. Mama anatoka Tongoni na daladala ya kwanza, mtoto kamwacha kwa jirani. Anafika, anaandikisha jina, anakaa kwenye benchi. Wahudumu wapo, makoti meupe yapo, kalamu zipo, faili haliendi. Saa tano anaambiwa mtandao unasumbua. Saa saba anaambiwa mwenye ufunguo ametoka. Saa tisa anaambiwa, mama, njoo kesho. Kesho anakuja. Hakuna atakayemwambia kwamba watu hawa posho zao hazijalipwa na wamekubaliana kufanya kazi kwa kusuasua. Anarudi nyumbani akiamini kwamba amedharauliwa kwa sababu ya khanga yake iliyopauka. Jambo hili linaniuma, ndugu zangu. Mgomo wa wazi unamlaza mtu na njaa, lakini anajua sababu. Huu unamvunjia heshima juu ya hiyo njaa, na madai ya mtumishi hayamfikii mtu yeyote. Mwajiri anaweza kukaa mwaka mzima akisema hali ni shwari.

Na mlango upo. Sheria inaruhusu watumishi wa huduma muhimu kugoma iwapo chama na mwajiri wamekubaliana kwa maandishi huduma za kiwango cha chini zitakazoendelea, na Kamati ya Huduma Muhimu ikayaidhinisha makubaliano hayo. Maana yake wodi ya wazazi haifungwi. Wagonjwa wa dharura wanapokelewa. Dawa za wenye kifua kikuu zinatolewa. Mengine yanasimama, na mwajiri anaona kwa macho yake kwamba yamesimama.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa vyama mkaanze kuyadai makubaliano hayo wakati huu wa amani, mgogoro ukiwa haujachemka. Ninyi wa halmashauri msiwakimbie watakapokuja mezani. Wenyeviti wa mitaa, orodha ya huduma zitakazoendelea ikipatikana, ibandikeni kwenye mbao zenu za matangazo kwa maandishi makubwa, na asiyejua kusoma asomewe. Ninazo nakala chache za vifungu vya sheria hiyo ya 2004, kuanzia cha 76 mpaka cha 80, ziko mezani kwa katibu. Maswali yaanze na akina mama.