Kabla ya projekta, funua sufuria

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, kamwene!

Walionisikia Mbeya mwaka jana wataniwia radhi, nimekuja na jambo lilelile: kozi ya uhifadhi ianze na wanachokijua watu wa vijijini kuhusu wanyama na mimea yao. Nitalisema mpaka litendeke.

Siku ya kwanza ya kozi ya baiolojia ya uhifadhi huwa nawaambia wanafunzi wa mwaka wa pili waandike jina la mnyama mmoja aliye hatarini kutoweka. Napata panda. Napata simba milia. Mwaka mmoja binti aliandika panda, nikamuuliza kwao ni wapi. "Tukuyu, mwalimu." Ukitoka nje asubuhi unaona mlima gani? "Rungwe." Basi nikamwomba ampigie babu yake simu palepale, aweke sauti kubwa, amuulize kuhusu kima anayeitwa kipunji. Mzee akajibu: "Kipunji si yule anayetumalizia mahindi? Kwani huko chuoni mnafundishwa habari zake?"

Darasa zima lilicheka, mimi sikucheka. Tulikuwa hatujamfundisha.

Mtaniambia kipunji mnamjua. Mnamjua kuanzia mwisho: mwaka 2005, jina la Kilatini, sherehe. Mimi nataka tuanzie mwanzo. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizunguka vijiji vya Rungwe walisikia wawindaji wakimtaja kima wa ajabu. Wanyakyusa wana masimulizi mengi ya wanyama, wa kweli na wa hadithi, na watafiti hawakujua huyu wamweke upande gani. Walipita miezi mingi wakiona vivuli tu matawini. Mwisho wa mwaka huo wakamwona waziwazi: manyoya ya kahawia, kishungi kimesimama kichwani. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za hao wenzao, likamkuta msitu wa Ndundulu, kwenye milima yetu ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe. Halafu mkulima mmoja akatega mtego kwenye shamba la mahindi, ukanasa kipunji mdogo. Ni mzoga huo ulioonyesha kwamba vinasaba vyake viko karibu zaidi na vya nyani, na kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani tawi lake peke yake katika ukoo wa kima. Mara ya mwisho Afrika kupewa jenasi mpya ya jamii hiyo ya kima ilikuwa 1923. Mtego wa mahindi, jamani! Mwanafunzi wangu anaweza kukuandikia Rungwecebus, jina la jenasi hiyo, bila kukosea herufi, ila hajui habari za huo mtego.

Na kwale wa Udzungwa je? Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini msituni, waliona kwenye sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Mboga ya jioni! Kumbe ni ndege ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Aliyempika alikuwa anajua anapopatikana na namna ya kumnasa.

Ndiyo maana nasema, wiki mbili za kwanza za kozi tusiwashe projekta. Mwanafunzi aende jikoni, shambani na sokoni, aulize: mnakula nini kutoka msituni, kipi kinawaharibia mazao, kipi mlikuwa mnakiona zamani na sasa hamkioni? Ayaandike majina kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa, Kinyakyusa, kama alivyoyasikia. Kilatini kitafuata, na atakishika vizuri kwa sababu kitakuwa na mahali pa kukaa.

Najua kuna mwenzangu pale nyuma anasema wazee wanachanganya hadithi na ukweli. Wanachanganya, sikatai. Hapo ndipo sayansi inapofundishika! Waulize wazee watano wa vijiji vitano wasiofahamiana, linganisha majibu, kisha nenda msituni ukaangalie kinyesi, nyayo na matawi yaliyovunjwa. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja hahitaji sura nzima ya kitabu kumweleza ushahidi ni nini.

Mwingine anasema hakuna hela ya basi. Kutoka chuoni kwenu hadi sokoni ni mwendo wa miguu. Na sokoni kuna mambo. Kule Kitulo, uwanda wa maua ya porini unaoitwa Bustani ya Mungu, watu walichimba viazi vya maua ya okidi kwa ajili ya Zambia, wanakovipika pamoja na unga wa karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliotolewa 2003 ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka mpaka kila mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa 2005. Sasa mfundishe mtu okidi bila kumfundisha chikanda, utakuwa umemfundisha picha ya ua.

Ila tahadhari moja, na hii nimeilipia. Wanafunzi wangu waliwahi kuingia kijiji kimoja wakiuliza maswali kama askari wa wanyamapori: nani anawinda, mitego iko wapi. Kijiji kikafunga mdomo, na kilikuwa na haki. Kosa lilikuwa langu, sikuwaandaa. Siku hizi tunasalimia kwanza, tunakaa, tunasaidia kupukuchua mahindi, na jina la mtu haliingii kwenye daftari.

Nilitaka kuzungumza kwa kirefu kuhusu chura wa Kihansi, mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa haraka: makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili za manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Maji yakachepushwa kuzalisha umeme, chura 499 wakapelekwa Marekani mwaka 2000, mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa. Umeme huo tunautumia. Mwalimu akifundisha habari hizi, aanze na swichi ya ukutani.

Masuala ya kuhesabu wanyama na takwimu nimeyaacha, niulizeni wakati wa chai. Karatasi za maswali ya sokoni ziko mlangoni. Kila mmoja achukue mbili, moja yake na moja ya kumsomea bibi au babu kwa simu leo jioni.