Waliofungwa kwa dawa za kulevya nao wafike mbele ya Bodi ya Parole

Wazee wangu, kina mama na vijana wa Temeke, asanteni kwa kuja na jua lote hili.

Wengi hapa mna ndugu katika magereza ya Keko, Segerea au Ukonga, kwa hiyo sitazunguka. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inamruhusu mfungwa wa miaka 4 na kuendelea, akishatumikia theluthi ya kifungo kwa tabia njema, amalizie kilichobaki akiwa nje, chini ya uangalizi. Akivunja masharti anarudishwa ndani. Ila wapo waliowekwa kando, na aliyefungwa kwa dawa za kulevya ni mmoja wao. Bodi haimwiti hata imsikilize. Msamaha wa Rais nao mara nyingi humruka.

Sasa tazameni vifungo vyenyewe. Kusafirisha au kuuza heroini isiyozidi gramu 200 ni miaka 30. Robo ya sukari mnayopimiwa kwa Mangi inazidi hapo! Na mnawajua mateja wanaouza kete ili wapate ya kwao. Tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili inawapa watu hawa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inawahesabu wagonjwa. Huyohuyo akikamatwa na mzigo wa tajiri, amekwisha.

Mama mmoja alinionyesha hukumu ya mwanawe, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni hadi mikunjo imeanza kuchanika. Akaniuliza: "Wakili, nikienda kumwona nimwambie ajitahidi, ajitahidi ili apate nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu kwenye parole sheria haina.

Najua wapo hapa waliozika watoto kwa ajili ya unga. Uchungu wao ni wa haki, na simtetei tajiri wa mzigo. Lakini anayemaliza kifungo chote anafunguliwa geti na kuachwa, hana ofisa wa kumfuatilia wala sharti la kumbana. Wa parole anaye, na analo. Mtaa upi utakuwa salama zaidi?

Ninachodai ni kidogo: Bunge liondoe katazo hilo kwa mwenye kosa la kwanza na mzigo mdogo. Theluthi ya miaka 30 ni miaka 10. Akishaitumikia, Bodi imwite, isome mwenendo wake, kisha iamue. Ikimkatalia, sawa.

Karatasi za majina ziko mlangoni kwa katibu. Mwenye ndugu ndani aandike na mwaka aliohukumiwa. Tutazipeleka kwa mbunge.