Nimefika Xi'an kwa treni ya kiti kigumu, peke yangu

Mnanisikia? Upepo wa huku juu una fujo. Haya, Assalamu aleikum ndugu zangu, wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, na nyie wa Muscat. Leo sipo Guangzhou. Hapa nilipokaa ni juu ya ukuta wa mji wa Xi'an, huku huku China, mzunguko wake karibu kilomita 14, watu wanakodi baiskeli wanauzunguka wote. Mimi miguu imegoma njiani, nikasema basi niwashe kamera.

Mnaonifuata siku zote mnajua mimi ni mtu wa mizigo. Mwaka wa tatu huu nipo Guangzhou, pale Xiaobei, natafutia watu wa Kariakoo nguo na vyombo. Na nimejisifu humu mara ngapi kwamba Kichina nakijua? Jamani, nilichokuwa nakijua ni Kichina cha bei. Hii shilingi ngapi, punguza, nitakuletea wateja. Basi.

Sasa China wana mapumziko makubwa kuanzia tarehe 1 Oktoba. Yalipokaribia kwisha nikakata tiketi. Ipo treni ya kasi, inafika Xi'an kwa muda wa saa 8 hivi. Mimi nimechukua ile ya zamani, kiti kigumu, safari ya zaidi ya saa 24. Msiniulize kwa nini. Nauli.

Kiti kigumu ni hivi: watu watatu huku, wawili kule, mnatazamana magoti yakigusana, na kwenye njia wamesimama waliokata tiketi isiyo na kiti, ambao wamelipa sawa na wewe. Mwisho wa behewa kuna bomba la maji ya moto, kila mtu na chupa yake au bakuli lake la tambi. Na kila nikisinzia, huyo mwenye toroli anapita: bia, vinywaji, maji, karanga, mbegu za alizeti! Miguu ndani!

Niliokaa nao walikuwa wanafunzi wanne wanarudi chuo. Wanafunzi huku wanalipa nusu nauli ya kiti kigumu, safari nne kwa mwaka kati ya kwao na chuoni, ndiyo maana wamejaa. Saa nzima kimya, kila mmoja na simu yake. Mwishowe kijana mmoja akaniuliza, "Yi ge ren?" Peke yako? Nikamjibu kwa madaha, "Ndiyo, laoban."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji. Laoban ni bosi, tajiri. Sokoni kwetu kila mtu ni laoban, anayekuuzia mkanda ni laoban, na wewe mnunuaji ni laoban. Mimi namwita hivyo mtoto wa miaka 19! Wakanifundisha: mwanafunzi unamwita "tongxue". Miaka yote hiyo nilikuwa sijapata haja ya hilo neno.

Nao wakaanza kuniita "ayi". Shangazi. Nina miaka 34, nyie! Mmoja tu, binti wa dirishani, ndiye aliniita "jiejie", dada, na Mungu ambariki.

Yule kijana anasomea mambo ya reli. Niliposema Tanzania akaruka: TAZARA! Akaitaja kilomita zake, 1,860, kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeijenga mimi. Akauliza, je, ukiipanda ikoje? Hapo nikageukia mbegu za alizeti. Sijawahi kuipanda, na wakwe zangu wako Mbeya, inakopita.

Hoteli ya kwanza Xi'an ilinikataa, eti hawapokei wageni wa nje, hiyo tuiache. Chuoni kwao nako getini mashine inatambua sura, mgeni haingii hivi hivi. Basi wakatoka wao, wakanipeleka mtaa wa Waislamu, penye vibao vya "qingzhen", yaani halali, kila mlango. Tukala "yangrou paomo". Unaletewa bakuli tupu na mkate mgumu, mzito, haujaiva sawasawa. Unaumega kwa mkono, vipande kama choroko, halafu mpishi ndio anautia supu ya kondoo. Mimi nikamega matonge. Wakanirudishia bakuli: anza upya.

Kazi hiyo inachukua muda, na mikono ikishughulika mdomo unafunguka. Binti wa dirishani akaniambia alikuwa ametoka Dongguan kuwaona wazazi wake, wako kiwandani, wanashona viatu. Yeye kalelewa na bibi kijijini tangu ana miaka mitatu. Usajili wao wa makazi, hukou, ni wa kijijini, na mtihani wa kuingia chuo kikuu unaufanyia huko ulikosajiliwa. Wazazi walikuwa wanakuja Mwaka Mpya tu. Akasema, huku anamega, kwamba mwaka mmoja mama yake aliingia ndani na mabegi, na yeye akamwamkia, "Ayi, karibu."

Halafu akaniuliza, jiejie, wewe una mtoto?

Ninaye, mnamjua wengine wenu. Ana miaka saba, yuko Tanga kwa mama yangu. Akauliza anakuitaje. Nikamwambia, anayemwita Mama ni bibi yake. Mimi ananiita Mama China. Nilikuwa nalisimulia hilo kama kichekesho, na humu nimewahi kulisimulia mkacheka.

Binti hakucheka. Akachukua mkate wangu akanimalizia kuumega.

Hapa ni saa kumi na mbili jioni, Tanga saa saba mchana, atakuwa anatoka shule. Nazima kamera, nimpigie kabla bibi yake hajamlaza usingizi wa mchana. VPN ikikubali, ile programu ya kufungulia mitandao iliyofungwa huku.