Foklifti za Japani na ushuru wa 1988

Ndugu zangu, nyote mmeziona foklifti bandarini na kwenye maghala. Uma na mlingoti mbele, dereva katikati, na nyuma chuma kizito cha kuzuia mashine isibinukie mbele. Ukiiweka ya miaka ya themanini kando ya ya leo, umbo ni lile lile. Wajapani, ambao magari yao madogo yalibadilishwa muundo kila baada ya miaka minne hivi, kwa nini hapa mkono wao ulikuwa mzito?

Mwaka 1987 Hyster, kampuni ya Kimarekani ya kutengeneza foklifti, ililalamika kwa serikali ya Marekani kwamba Wajapani wanauza foklifti nchini humo kwa bei ya kutupa, yaani chini ya bei ya haki. Juni 1988 ukawekwa ushuru, na kwa baadhi ya kampuni, Nissan ikiwamo, ulizidi asilimia 50. Ulilenga foklifti za injini za mafuta zenye uwezo wa kubeba pauni 2,000 hadi 15,000. Za umeme hazikuguswa.

Sasa fikirieni mkuu wa kampuni ya Kijapani wakati ule. Fedha na wahandisi alionao awatumie kuchora mashine mpya, au kujenga kiwanda Marekani ushuru usimfikie? Toyota ilifungua kiwanda chake Columbus, Indiana, mwaka 1990. Na kiwanda kichanga kinataka muundo uliozoeleka: mafundi wapya wanajifunza, wauza vipuri wapya wanapewa michoro, na kila badiliko linaongeza gharama na makosa. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ubunifu ulipobanwa. Upande wa Wamarekani nako presha ya ushindani ilipungua. NACCO, kampuni ya Marekani iliyokuwa tayari inamiliki Yale, mtengenezaji mwingine wa foklifti, iliinunua Hyster mwaka 1989, na washindani wawili wakawa chini ya mwenye mali mmoja.

Sisemi ushuru ulifanya yote peke yake. Miaka ya tisini uchumi wa Japani ulidorora, na soko la nyumbani likanywea. Tena mwaka 1998 Toyota ilileta mfumo wa vihisio unaokaza ekseli ya nyuma mashine inapokata kona, ili isilale ubavu. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa sana, maana foklifti ikipinduka inaua. Lakini mfumo wenyewe uliwekwa ndani ya umbo la zamani.

Mashine za umeme za kazi za ghalani, zile nyembamba za kupita kati ya rafu ndefu, zilikuwa zikisonga mbele Ulaya. Toyota ilipotaka nafasi kubwa huko, mwaka 2000 iliinunua BT, kampuni ya Sweden ya kutengeneza mashine hizo.