Sheria Mpya na Mawimbi Yake Mawili: Mhadhara Kuhusu Majaribio katika Soka

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie majaribio ya sheria za mpira wa miguu na namna yalivyougeuza uchezaji. Sina nia ya kupitia sheria zote, kwani usiku ungekucha tukiwa bado kwenye mpira wa kurusha. Nina hoja moja tu ya kuiweka mbele yenu, nayo ni kwamba kila sheria mpya huleta mawimbi mawili. Wimbi la kwanza ni lile ambalo watunga sheria walilitarajia, au walau walilitumaini. La pili huja baada ya makocha na wachezaji kukaa chini, wakaisoma sheria kama mfanyabiashara asomavyo mkataba, na kuuliza ni wapi penye faida. Majaribio mengi hufungwa kabla wimbi hilo la pili halijafika, na hapo ndipo hukumu zetu zinapopotoka.

Chombo chenye mamlaka ya kubadili sheria ni bodi ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1886, ambamo vyama vinne vya Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini vina kura moja moja, na FIFA ina kura nne. Hakuna badiliko linalopita bila kura sita kati ya nane. Hii ndiyo sababu bodi hupenda kujaribu kwanza, tena kwenye mashindano ya vijana au ligi za chini, mahali ambapo kosa halitamgharimu mtu kombe kubwa.

Tuanze na mwaka 1925, kwa sababu naamini hakuna badiliko lililoacha alama kubwa kuliko la mwaka huo. Hadi wakati huo, mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea iwapo kati yake na mstari wa goli palikuwa na wapinzani pungufu ya watatu. Itazameni hesabu hiyo kwa jicho la beki. Kipa ni mmoja, mabeki ni wawili. Beki mmoja akipiga hatua chache mbele na kumwacha mshambuliaji nyuma yake, basi wanabaki kipa na beki wa pili, na kibendera kinapanda. Lakini utamu wa mtego huo ulikuwa kwamba ukifeli, yule beki wa pili bado yuko nyuma analinda. Mtego haukuwa na hasara. Bill McCracken wa Newcastle United alijulikana kote kwa ufundi huo, na kadiri timu nyingine zilivyomwiga, mchezo ulibanwa kwenye ukanda mwembamba katikati ya uwanja, huku filimbi ikilia kila baada ya muda mfupi.

Mapendekezo mawili yalijaribiwa katika mechi za maonyesho: la kwanza lilitaka mstari wa yadi 40 kutoka golini, ambao kabla yake hakuna kuotea, la pili lilitaka idadi ipunguzwe kutoka watatu hadi wawili. Kuna mechi ambamo kipindi kimoja kilichezwa kwa sheria hii na kingine kwa ile. Likachaguliwa pendekezo la pili. Katika msimu wa 1924/25, daraja la kwanza la ligi ya Uingereza lilizaa mabao 1,192. Msimu uliofuata, kwa idadi ileile ya mechi 462, yakawa 1,703. Hilo ndilo wimbi la kwanza, na kwa tarakimu hizo mtu angeweza kufunga daftari na kwenda zake nyumbani.

Sasa ngojeni la pili. Tarehe 3 Oktoba 1925, Arsenal chini ya Herbert Chapman walifungwa na Newcastle mabao 7 kwa 0. Baada ya kipigo hicho Charlie Buchan, mshambuliaji mkongwe wa Arsenal, alisisitiza jambo ambalo alikuwa amelisema tangu mwanzo wa msimu: kiungo wa kati arudishwe nyuma, asimame baina ya mabeki wawili, kazi yake iwe kumzuia mshambuliaji wa kati. Chapman alikubali. Kiungo wa kati, ambaye awali alikuwa moyo wa timu, mwenye kugawa mipira kulia na kushoto, akawa mlinzi. Na kwa kuwa katikati pamebaki tundu, fowadi mmoja au wawili wakalazimika kushuka kuliziba. Ndani ya miaka michache, mpangilio wa wachezaji uwanjani ulikuwa umebadilika kabisa. Ukitaka kujua kwa nini hadi leo tunamwita beki wa kati «namba tano», ilhali mabeki wa pembeni ni namba mbili na tatu, jibu liko hapo: aliondoka katikati akarudi nyuma na namba yake.

Angalieni kwamba wimbi la pili halikufuta la kwanza. Mabao yaliendelea kuwa mengi kwa miaka kadhaa. Dixie Dean wa Everton alifunga 60 katika ligi msimu wa 1927/28, rekodi ambayo haijavunjwa. Kilichogeuka ni umbo la mchezo, na hakuna mechi ya maonyesho ya dakika 90 ambayo ingeweza kulionyesha hilo mapema.

Naomba sasa niwapeleke kwenye mkasa ambao kila mwenye kutunga sheria angepaswa kuubandika ukutani. Januari 1994, katika mechi za kufuzu Kombe la Karibiani, waandaaji waliamua kwamba kila mechi lazima ipate mshindi, kwamba muda wa nyongeza utamalizwa na bao la dhahabu, yaani bao la kwanza kufungwa humaliza mechi papo hapo, na, hapa ndipo penye uchawi, kwamba bao hilo litahesabiwa kuwa mawili. Barbados walihitaji kuwashinda Grenada kwa tofauti ya mabao mawili ili wafuzu. Waliongoza 2-0. Dakika ya 83 Grenada wakapata bao, ikawa 2-1, matokeo ambayo yaliwafuzisha Grenada. Barbados walisukuma mashambulizi kwa dakika chache, kisha wakapiga hesabu: kufunga bao la tatu dhidi ya timu iliyojaa langoni ni kazi ngumu, bali sare ya 2-2 itawapa dakika 30 za kutafuta bao moja lenye thamani ya mawili. Dakika ya 87, beki na kipa wa Barbados wakapasiana mpira, na beki akautia katika wavu wao wenyewe.

Grenada walielewa upesi. Kwa dakika zilizobaki walihitaji bao katika lango lolote, kwani kufungwa 3-2 kungewafuzisha sawasawa na kushinda 3-2. Basi Barbados wakajigawa, wengine wakilinda lango lao na wengine wakilinda lango la wapinzani. Walifanikiwa, mechi ikaingia muda wa nyongeza, wakafunga, na matokeo yakaandikwa 4-2. Kocha wa Grenada alilalamika kwa uchungu, nami namwelewa, lakini hakuna sheria iliyovunjwa. Wachezaji walifanya kile ambacho sheria iliwalipa kukifanya. Hapa wimbi la pili lilifika ndani ya mechi ileile, katika dakika nne.

Bao la dhahabu lenyewe, lile la kawaida lenye thamani ya moja, lina historia inayonisumbua zaidi. Lilikusudiwa kuwatia timu hamu ya kushambulia. Katika Kombe la Ulaya la 1996, mechi tano za mtoano ziliingia muda wa nyongeza, na moja tu ndiyo iliyoamuliwa kwa bao la dhahabu, la Oliver Bierhoff wa Ujerumani katika fainali. Kombe la Dunia la 1998 lilikuwa na mechi nne za namna hiyo, na bao lilipatikana katika moja, Laurent Blanc akiwafungia Ufaransa dhidi ya Paraguay. Watu wakasema, na wengi wanasema hadi leo, kwamba hofu imeshinda: hakuna anayethubutu kupanda mbele ikiwa kosa moja ndilo kaburi. Lakini endeleeni kuhesabu. Kombe la Ulaya la 2000: mechi tatu, mabao ya dhahabu mawili. Kombe la Dunia la 2002: mechi tano, mabao matatu, likiwemo la Henri Camara lililowapeleka Senegal robo fainali. Ni mechi chache mno kujengea nadharia, nakiri. Hata hivyo, siwezi kuepuka kuwaza kwamba timu zilikuwa zimeanza kuizoea sheria wakati ambapo hukumu dhidi yake ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwaka 2004 ikafutwa.

Sheria iliyofanikiwa kuliko zote za zama zetu ni ile ya mwaka 1992 inayomkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kombe la Dunia la 1990 lilikuwa limetoa mabao 115 katika mechi 52, wastani wa 2.21, na kila mtu alikuwa amechoka kumtazama kipa akiudaka mpira, akimviringishia beki, kisha akirudishiwa tena. Wimbi la kwanza lilikuwa kichekesho: makipa ambao hawakuwahi kufundishwa kutumia miguu walibutua mipira jukwaani kwa hofu. Wajanja wengine walijaribu kuuinua mpira kwa mguu ili waurudishe kwa kichwa, na bodi ikaharakisha kuuziba mwanya huo. Wimbi la pili lilichukua miaka mingi. Kipa aligeuka kuwa mchezaji wa kumi na moja kwa maana kamili, na washambuliaji wakajifunza kumkimbilia kwa presha, jambo ambalo hapo awali halikuwa na faida yoyote. Badiliko la 2019, linaloruhusu golikiki kupokewa ndani ya boksi, lisingekuwa na maana bila kizazi hicho cha makipa.

Si kila jaribio linahitaji subira ya namna hiyo. Mwaka 1993, katika mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 17 nchini Japani, ambayo Nigeria walitwaa kombe, mpira uliotoka pembeni ulirudishwa kwa teke badala ya kurushwa. Jaribio liliendelea katika baadhi ya ligi za Ulaya. Kilichotokea kilikuwa dhahiri: mpira ukitoka katika nusu ya adui, mchezo unasimama, mabeki warefu wanapanda polepole, kisha mpira unamiminwa ndani ya boksi. Sheria iliyotakiwa kuharakisha mchezo iliuchelewesha, na bodi ilifanya vyema kuiacha. Vivyo hivyo lile jaribio la kuusogeza mpira wa adhabu mbele kwa yadi 10 timu iliyofanya kosa inapobishana na mwamuzi. Karibu na lango, kusogezwa huko wakati mwingine kulimwadhibu mpigaji mwenyewe, maana ukuta unakuwa karibu mno na goli kiasi kwamba mpira hauna nafasi ya kupanda na kushuka.

Nimalizie na lililo jipya kabisa. Kwa miaka mingi kipa alikuwa na sekunde sita za kushika mpira, na adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, uliopigwa ndani ya boksi. Waamuzi hawakuitoa, kwa kuwa ilikuwa kali na yenye vurugu kupita kosa lenyewe. Baada ya majaribio Uingereza, Italia na Malta, tangu 2025 muda ni sekunde nane, mwamuzi huinua mkono na kuhesabu tano za mwisho kwa vidole, na adhabu ni kona. Adhabu nyepesi inayotolewa imechukua nafasi ya adhabu nzito isiyotolewa, na makipa wanauachia mpira. Hilo ni wimbi la kwanza. Lakini hesabu huanza pale mwamuzi anapoona kipa ameudhibiti mpira barabara na hasumbuliwi na mtu. Mechi ijayo mtakayoitazama, mwangalieni kipa anayeongoza kwa bao moja, aliyeudaka mpira na kuanguka nao kifuani. Mhesabieni sekunde alizolala pale chini kabla mkono wa mwamuzi haujainuka.