Uzito wa Mti Umetoka Wapi? Mhadhara kwa Wanafunzi wa Biolojia

Walimu wenzangu, wanafunzi, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie misingi ya biolojia kuanzia seli hadi mfumo wa ikolojia, na nimepewa saa moja. Sitapitia sura zote. Sura mnazo vitabuni. Nitasema lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti, na nitaendelea kulisema mpaka liingie. Usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea sukari kwa mwanga, mnausoma muhula huu; upumuaji wa seli, yaani seli kuivunja sukari ipate nishati, muhula ujao; ikolojia mwishoni kabisa wakati mtihani unabisha hodi. Sura zote hizo zinafuata atomu zilezile. Mwanafunzi anayeuliza kila mara atomu hizi zimetoka wapi na zinakwenda wapi, biolojia kwake inakuwa somo moja. Asiyeuliza anakariri tu, na akimaliza mtihani anasahau.

Tuanze na mti. Ukateni mti mkubwa, mkaukausha mpaka tone la mwisho la maji likatoka. Zinabaki tani kadhaa za mbao kavu. Uzito huo umetoka wapi?

Nimeshasikia: udongoni. Nimewauliza swali hili wanafunzi wa sekondari, wa vyuo, na watu wazima wenye shahada zao, na jibu ni hilohilo. Wengi wao wanaweza kuandika mlinganyo wa usanisinuru ubaoni bila kukosea hata herufi moja. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Mlinganyo unasema kabonidayoksaidi na maji vinaingia, sukari na oksijeni vinatoka. Nionyesheni udongo uko wapi humo.

Karibu miaka 400 iliyopita Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia mzaliwa wa Brussels, alilichukua swali hili akalipima kwa mizani. Alikausha udongo tanurini, akapima ratili 200 (ratili moja ni karibu nusu kilo), akautia kwenye chungu kikubwa, akaulowesha kwa maji ya mvua, akapanda humo mche wa ratili 5 wa mti wa jamii inayopenda kumea kando ya maji. Mdomo wa chungu akaufunika kwa bati lenye matundu mengi madogo, ili vumbi linalopeperuka lisiingie na kumvurugia hesabu. Zingatieni bati hilo, maana mtu anayefikiria vumbi ni mtu makini. Kwa miaka 5 hakuupa mti kitu kingine zaidi ya maji ya mvua au maji yaliyokenekwa. Kisha akaung'oa. Ulikuwa na ratili 169 na wakia 3 hivi (wakia 16 ni ratili moja), na hapo hakuhesabu majani yaliyopukutika katika misimu 4 ya vuli. Akaukausha udongo upya, akaupima. Zilikuwa ratili 200 zilezile, pungufu ya wakia 2 hivi.

Mti umeongezeka ratili 164, udongo umepoteza wakia 2. Anayesema mti umekula udongo aje anieleze hesabu hiyo.

Van Helmont akahitimisha kwamba mbao, gome na mizizi vyote vimetokana na maji peke yake. Alikosea, lakini msimcheke. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake, na humo mna jambo jingine linalonikera na kunifurahisha kwa pamoja. Mtu huyuhuyu alichoma ratili 62 za makaa ya mti, akabaki na ratili 1 ya jivu. Akasema ratili 61 zimeondoka kama gesi, na akaieleza gesi hiyo vizuri; ndiyo hii tunayoiita kabonidayoksaidi. Maana yake alijua kwamba mti ukiungua sehemu kubwa yake inakwenda hewani. Hakujiuliza kama huko hewani ndiko ulikotoka. Alikuwa na majibu yote mawili, kila moja kwenye daftari lake, na madaftari hayo hayakuwahi kufunguliwa pamoja. Nawaona wanafunzi wa namna hiyo kila muhula, na sitawalaumu wao wakati sisi walimu ndio tunaowagawia madaftari.

Waliofuata waliziba pengo. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba kazi hii inafanywa na sehemu za kijani za mmea, tena penye mwanga. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure alipima kwa uangalifu akaonyesha kwamba kaboni ya mmea inatoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani, na kwamba maji nayo yanachangia uzito. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walitumia oksijeni nzito kama alama, wakathibitisha kwamba oksijeni inayotoka kwenye jani ni ya maji. Basi oksijeni iliyomo kwenye sukari ni ya kabonidayoksaidi. Chukueni kalamu. Glukosi ina uzito wa molekuli 180. Kaboni ni 72, oksijeni 96, haidrojeni 12. Kaboni na oksijeni zimetoka hewani, jumla 168. Ni asilimia 93. Maji, ambayo van Helmont aliyapa sifa zote, yamechangia ile haidrojeni tu, asilimia 7 hivi. Mbao nazo kwa sehemu kubwa ni selulosi, na selulosi ni glukosi zilizoungana mkufu mrefu. Mti ni hewa iliyoshikwa.

Najua atakayesimama kunipinga. Atasema kabonidayoksaidi ni kidogo mno hewani, kama asilimia 0.04, itajengaje tani za mbao? Swali zuri, na jibu lake ni hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 0.2 hivi za kaboni. Kilo moja ya mbao kavu ina karibu nusu kilo ya kaboni. Kwa hiyo kila kilo ya mbao imenyonya kaboni yote ya zaidi ya mita za ujazo 2,000 za hewa. Ni nyingi, lakini hewa haisimami, majani ni maelfu kwa maelfu, na stomata, vile vitundu vya kupitishia hewa, kwenye jani moja hazihesabiki kwa macho. Haba na haba hujaza kibaba, na mti una miaka.

Mwingine atauliza: kama udongo hautoi uzito, mbolea ya nini? Sikusema udongo hauna kazi. Zile wakia 2 ni uhai wa mmea. Naitrojeni inaingia kwenye protini na DNA, fosforasi kwenye DNA na ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na katikati ya kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, imekaa atomu moja ya magnesi. Uzito mdogo, kazi kubwa. Choma kuni utazame jivu: hilo ndilo lililotoka udongoni, ukiacha naitrojeni ambayo imepaa na moshi. Kuni zilizobaki zimerudi zilikotoka.

Sasa tuingie ndani ya seli, maana nimekaa kwenye mti muda mrefu. Kuna sentensi inayoandikwa kwenye mitihani kila mwaka: mimea huvuta kabonidayoksaidi, wanyama huvuta oksijeni. Ifuteni. Seli ya jani ina kloroplasti na ina mitokondria pia. Kloroplasti inatengeneza sukari penye mwanga. Mitokondria inaivunja sukari kwa oksijeni mchana na usiku, na kabonidayoksaidi inatoka. Mzizi ulioko gizani hauna kloroplasti hata moja inayofanya kazi, unaishi kwa sukari inayoshuka kutoka juu na oksijeni iliyomo kwenye vinafasi vya udongo. Ndiyo sababu mimea mingi hufa udongo ukijaa maji kwa muda mrefu: mizizi inakosa hewa katikati ya maji tele. Ukishika sentensi ile ya mtihani huwezi kulieleza jambo hili.

Na hapo linakuja swali la pili ninalolipenda. Mtu akipungua kilo 10 za mafuta mwilini, mafuta hayo yamekwenda wapi? Ruben Meerman na Andrew Brown, wa Australia, walichapisha hesabu hiyo mwaka 2014. Waliwauliza madaktari, wataalamu wa lishe na wakufunzi wa mazoezi, na jibu lililotawala lilikuwa kwamba mafuta yamegeuka nishati. Hapana! Ndani ya seli atomu hazigeuki nishati. Zinapangwa upya. Nishati iliyokuwa kwenye mpangilio wa kwanza ndiyo inayotumika, atomu zote zinabaki na lazima zitoke mahali. Kwa hesabu yao, katika kilo 10 hizo, 8.4 zinatoka mapafuni kama kabonidayoksaidi na 1.6 zinakuwa maji. Mafuta mengi yametoka kwa pumzi. Ni njia ileile ya mti, tunaipita kinyumenyume.

Mkilishika hilo, ikolojia mmeshaijua nusu. Piramidi ya nishati mnaikariri: asilimia 10 hivi inapanda ngazi inayofuata, kutoka mmea hadi mla majani, kutoka mla majani hadi mla nyama. Raymond Lindeman ndiye aliyeweka msingi wa hesabu hizo mwaka 1942, na hiyo 10 ni wastani wa kukadiria, inapanda na kushuka. Lakini kwa nini inapungua hivyo? Sehemu moja ya jibu ni kwamba si kila kitu huliwa, na si kila kinacholiwa humeng'enywa. Sehemu nyingine kubwa imo ndani ya mitokondria. Swala anayekula nyasi anaivunja sukari ya nyasi ili atembee, moyo upige, mwili ubaki na joto lake. Kaboni hiyo imetoka puani, nishati imekuwa joto. Simba hawezi kula joto. Piramidi nzima imesimama juu ya kazi ya seli, na bado mnaisoma kwenye kitabu cha pili kana kwamba ni habari mpya.

Nataka pia mrekebishe michoro yenu. Nakuta mshale wa nishati ukitoka kwa kuvu na bakteria waozeshaji, ukiingia udongoni, ukapanda kwenye mmea. Mshale huo haupo. Waozeshaji wanarudisha madini udongoni na kabonidayoksaidi hewani. Nishati waliyoipata wameitumia, imekwisha kuwa joto. Maada inazunguka, nishati inapita. Mmea unaipata nishati mpya kutoka kwa jua kila siku.

Dakika zimeniishia na sijagusa mgawanyiko wa seli, urithi wala mageuko. Urithi mwombeni mwalimu wenu aufundishe kwa njia hiihii, kwa kuuliza fosforasi ya DNA imetoka wapi. Nitaje moja tu la dunia nzima. Tangu mwaka 1958, vipimo alivyovianzisha Charles David Keeling kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, vinaonyesha kabonidayoksaidi ya hewani ikipanda, kutoka sehemu 315 hivi kwa milioni hadi zaidi ya 420 sasa, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ila mstari huo haupandi moja kwa moja. Kila mwaka unashuka kuanzia Mei hadi Septemba hivi, kisha unapanda tena, kwa sababu misitu na nyasi za kaskazini ya dunia zinajenga majani majira ya joto, na baadaye upumuaji na uozo unazidi. Kile kinachotokea kwenye jani moja kinaonekana kwenye mzani wa dunia.

Kazi ya nyumbani. Chukueni mafungu matatu ya mbegu za maharage yenye uzito sawa. Fungu la kwanza likausheni mlipime hivyohivyo. La pili lioteshe gizani, la tatu penye mwanga mpaka majani ya kweli yafunguke na kukua. Mkaushe kila kitu, mizizi na maganda yakiwamo, mpaka uzito usipungue tena, ndipo mpime. Yale ya gizani yatakuwa marefu kupita yote, na mizani itasema ni mepesi kuliko mbegu zilizoanza. Nileteeni namba zenu, na maelezo ya gramu zilizopotea zimekwenda wapi. Sasa nipokee maswali.