Mfalme Naye Alikuwa Mpiga Kambi: Mhadhara juu ya Makasri ya Bonde la Loire

Ndugu zangu, na wazee wetu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Ahsanteni kwa kuja. Wengi wenu mnaishi huku Ulaya, mna magari, mna mahema, na Ufaransa mmeshafika. Kwa hiyo sitawaonyesha ramani. Naanza moja kwa moja na lawama inayorudi kila mwaka likizo za Agosti zikiisha: "Tulikwenda kasri la Chambord, tukapanga foleni, tukalipa, tukakuta vyumba vitupu."

Vitupu! Neno hili nimelijibu mara nyingi, na leo nitalijibu tena, maana anayelisema amesimama mbele ya jambo lenyewe asilione.

Chambord lilianza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya mfalme François wa Kwanza. Lina vyumba zaidi ya 400 na meko 282 za kuotea moto, na ukuta unaozunguka msitu wake una urefu wa kilomita 32. François alitawala miaka 32. Sasa zijumlishe siku zote alizolala humo tangu lianze kujengwa mpaka alipofariki mwaka 1547: hazifiki miezi mitatu. Nawauliza, mtu wa namna hiyo aache vitanda humo vya nini? Vioze kwa unyevu? Vilindwe na nani?

Wafalme wa Ufaransa wa zama zile walikuwa watu wa kuhamahama. Baraza lao lilikuwa na maelfu ya watu na maelfu ya farasi, na umati huo ukikaa mahali kwa majuma machache unamaliza nafaka, kuni na majani ya farasi, na vyoo vinajaa. Basi wanahama. Tena mfalme alitaka kuonekana katika majimbo yake, kwa kuwa asiyeonekana husahaulika. Walipohama walihama na kila kitu: vitanda vya kufunguliwa vipande vipande, viti vya kukunja, masanduku, vyombo vya mezani, na yale mazulia mazito ya ukutani yaliyofumwa picha. Wafaransa wenyewe mpaka leo wanaiita samani meuble, yaani kitu cha kuhamishika, na jengo wanaliita immeuble, kisichohamishika. Lugha yao imehifadhi habari hii, sisi tunapita tukilalamika.

Lile zulia la ukutani litazameni kwa jicho la mpiga kambi. Linazuia baridi ya jiwe. Linagawa ukumbi mkubwa kuwa vyumba viwili. Linapendeza. Kisha linakunjwa na kupakiwa kwenye mkokoteni. Hiyo ni kazi ya hema, ndugu zangu, isipokuwa hema lenyewe limesimikwa ndani ya nyumba ya mawe. Desemba 1539 François alimpokea Chambord Kaisari Charles wa Tano, aliyekuwa akivuka Ufaransa. Kasri lilivikwa fahari yote kwa ajili ya mgeni, na msafara ulipoondoka, fahari ikaondoka nao. Kwa hiyo chumba kitupu cha Chambord hakijapungukiwa na kitu. Ndivyo kilivyokuwa karibu mwaka mzima hata enzi za mwenyewe.

Najua kuna atakayesema: mbona vyumba vingine vina samani? Ndiyo, vina. Nyingi ni za mazingira ya karne ya 17 na ya 18, alipokaa Louis wa 14, na baadaye Jemadari Maurice wa Saxe. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1792, vitu vya kasri viliuzwa. Ukikiona kitanda chenye mapazia ya hariri usiwaambie watoto kwamba François alilala hapo.

Basi utazameje chumba kitupu? Tafuta meko kwanza. Meko ndiyo inayokuambia kitanda kilikaa wapi. Kisha tafuta kijichumba cha pembeni cha nguo na cha haja, na mlango mdogo wa watumishi. Kila ghorofa ya jengo la kati ina kumbi nne zinazopishana kama msalaba, na kwenye pembe zake kuna makazi yanayofanana. Kagua moja kwa makini, mengine utayasoma bila mwongozaji. Katikati ya msalaba ndipo ilipo ile ngazi maarufu, njia mbili za mzunguko zikizunguka nguzo moja iliyo wazi ndani, ili anayepanda na anayeshuka waonane madirishani wasikutane. Mpeleke mtoto mmoja njia hii na wa pili njia ile, wataelewa kabla hujafungua mdomo. Leonardo da Vinci mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyeibuni. Alifariki Amboise tarehe 2 Mei 1519, miezi michache kabla ujenzi haujaanza, kwa hiyo anayekuambia kwamba aliisimamia anakudanganya.

Na tafadhali, anzeni juu ya paa. Milango ikifunguliwa saa 3 asubuhi, pandeni moja kwa moja. Mabasi ya watalii huanza kumwaga watu saa 4 hadi saa 5, na wote huanzia chini. Kule juu tazameni mabomba ya moshi: vile vipande vyeusi vya duara na vya pembe nne si marumaru, ni mawe ya kuezekea yaliyochongwa na kupachikwa kwenye jiwe jeupe. Jiwe lenyewe, tuffeau, ni laini, linakatika kwa msumeno, na linanyonya maji. Ndiyo maana mnakuta mafundi wamejenga majukwaa kila mwaka. Msinung'unike kwamba jukwaa limeharibu picha. Bila jukwaa hilo, wajukuu wenu hawatakuwa na cha kupiga picha.

Kuna jambo la pili, na hapa Kiswahili kinatusaidia. Mfaransa ana neno moja, château, kwa majengo ya aina mbili. Sisi tunayo mawili, ngome na kasri, basi tuyatumie kupanga safari. Loches ni ngome: mnara wake mkuu wa karne ya 11 unapanda mita 36, kuta nene, matundu badala ya madirisha. Angers ni ngome, minara 17. Chinon, ambako Jeanne d'Arc, yule msichana shujaa wa vita, alikutana na Charles wa Saba mwaka 1429, ni ngome. Chambord, Chenonceau na Azay-le-Rideau ni makasri. Yana minara, lakini minara ya pambo, na madirisha mapana ambayo adui angeyafurahia. Familia inayoona makasri matano mfululizo inachoka siku ya tatu, na watoto wanaanza kuuliza bwawa la kuogelea liko wapi. Changanyeni. Ngome moja, kasri moja, halafu siku ya mto tu.

Na moja kwa siku! Mtu ananiambia, "Lakini kutoka Amboise mpaka Chenonceau ni kilomita 12 au 13 tu, tunaweza matatu." Gari linaweza. Miguu ya mtoto wa miaka sita haiwezi, baada ya mamia ya vidato vya ngazi. Chambord peke yake linataka saa tatu ndani, kabla hujatembea uwanjani.

Sasa hema. Msihame kila usiku. Kuangua na kusimika upya kunawala nusu siku kila mara, kwa kuwa ofisi nyingi za kambi hufungwa saa 6 mpaka saa 8 mchana, na nafasi yako mara nyingi huipati kabla ya saa 8. Kaeni Amboise, kwa mfano. Pana kambi kwenye kisiwa cha Île d'Or, katikati ya mto Loire, mkabala na kasri. Chambord ni kama kilomita 50, Blois na Loches kama 35 kila moja. Usiku, lango la magari hufungwa, kwa kawaida saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi. Mkienda kwenye maonyesho ya taa, egesheni gari nje.

Umeme ndio unaowagombanisha watu kambini. Nafasi nyingi hutoa ampea 6. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 1380. Birika la umeme la wati 2000 litakata swichi, na usiku ofisini hakuna mtu wa kuirudisha. Chemsheni maji kwa gesi, nje ya hema, kamwe si ndani, maana hewa ya sumu ya jiko haina harufu. Waya wa kuongezea uwe na mita 25, nao ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu ukibaki umeviringwa unapata joto mpaka unayeyuka. Bebeni plagi ya buluu ya kambi pamoja na ya Kifaransa, kambi hazifanani.

Vigingi: kwenye mchanga wa kando ya mto vinatakiwa virefu na vipana. Kwenye udongo uliokauka wa Agosti vile vyembamba vya aluminiamu vinapinda, chukueni vya chuma na nyundo. Upande wa Sologne, eneo la misitu na mabwawa, msisimike bondeni hata nyasi zikiwa nzuri namna gani. Mvua ya radi ya Agosti inalijaza bonde hilo kwa robo saa. Na visiwa vya mchanga vya Loire visiwashawishi. Maji hupanda, ndege hutaga hapo, na kuzunguka majengo ya kihistoria kupiga kambi holela kumekatazwa kisheria.

Naonyeshwa kikaratasi cha dakika tano, basi nakimbia. Mabegi makubwa hukataliwa mlangoni, yaacheni. Kigari cha mtoto hakifai kwenye ngazi za mzunguko, mbebeni mgongoni. Milango ni mifupi, na hili ni la kweli: Charles wa Nane alijigonga kichwa mlangoni Amboise mwaka 1498 akafa siku hiyohiyo. Mauzo ya tiketi husimama kabla ya saa ya kufunga, wakati mwingine saa nzima. Tarehe 1 Januari na 25 Desemba mengi yamefungwa. Villandry ni bustani, nendeni hata kama hampendi vyumba.

Amboise hapohapo, msikose bustani ya juu. Amiri Abdelkader wa Algeria, aliyewaongoza watu wake kupigana na Wafaransa, alizuiliwa katika kasri lile tangu 1848 hadi 1852 pamoja na familia na wafuasi wake, na wale waliofariki, wakiwamo watoto, wamezikwa pale. Wageni wengi wanapita kwenda kutazama mto. Simameni, msome, muwaombee.

Na Chenonceau, niseme moja tu. Shukeni jikoni, lipo ndani ya nguzo za daraja, juu ya maji ya mto Cher. Kisha pandeni mwende mpaka mwisho wa ukumbi mrefu, mita 60, ambao katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulijaa vitanda vya majeruhi. Kule mwisho kuna mlango. Katika Vita vya Pili, kuanzia 1940 hadi 1942, Wajerumani walipoikalia sehemu ya Ufaransa, mto ule ulikuwa mpaka: lango la mbele lilikuwa upande wa Wajerumani, na mlango ule wa nyuma ulifungukia upande huru. Watu waliutumia kuvuka. Ukumbi nao hauna samani.